Mkono wa Linlin

Chausiku alifika Xintang, mji wa jinzi kule China, saa nne asubuhi kukagua jinzi zake kabla hazijafungwa marobota ya kwenda Kariakoo. Kwenye meza ya karakana akamkuta Xiumei, fundi aliyezoeana naye kwa miaka, ameota mkono wa tatu chini ya kwapa la kushoto. Ulikuwa mdogo, wa mtoto wa miaka saba, kucha zimepakwa rangi ya waridi.

"Ni wa Linlin, binti yangu," alisema Xiumei bila kuacha cherehani. "Umekuja juzi."

Chausiku akausalimia, nao ukaitikia kwa kumminya vidole. Linlin mwenyewe alikuwa kijijini kwa bibi yake, kwani ukaazi wake uliandikishwa huko, na mtoto wa kijijini alikosa dawati katika shule za mjini hata kama mama yake ameivalisha suruali nusu ya dunia. Xiumei aliomba likizo akamwone, akanyimwa. Basi mkono ukaja wenyewe.

Adhuhuri akaja afisa wa uandikishaji wa wakazi. Akaugeuza mkono, akatazama simu yake.

"Haumo kwenye orodha ya mji. Urudi ulikotoka."

"Uandikishe shule," Xiumei akamwomba. "Huu huu peke yake. Ndio anaoandikia."

"Shule hapana."

Laoban, mwenye karakana, akasogea na sigara yake. Akasema vidole vyembamba namna ile vinafaa sana kukata nyuzi. Uso wa afisa ukakunjuka. Kama ni wa kazi, alisema, hakuna tatizo, na akaugonga muhuri pale pale kiganjani.

Chausiku alihamaki. Serikali gani hii inayomkataa mtoto mzima, halafu ikapokea kipande chake chenye faida? Na wale mafundi walioinama pale, wakigoma wanakamatwa, wakinyamaza wanaongezewa kazi.

"Laoban, huyu ni mtoto," alisema.

"Mei banfa, rafiki yangu. Hakuna namna. Si wewe uliyetaka mzigo upesi?"

Ni kweli, Chausiku ndiye aliyeutaka upesi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akarudi kuhesabu suruali zake.

Laoban akaupa mkono mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Mkono ukaushika kama inavyoshikwa penseli. Laoban akausahihisha, kisha akaenda meza ya pili kuuliza nani mwingine ameacha mtoto kijijini.