Boga Lililokohoa

Jua lilikuwa halijapanda, na Donatille alishaingia bustanini kwake Nsemulwa kufanya kazi ya nyuki. Nyuki wenyewe walikwisha kufa, tangu shamba la tumbaku ng'ambo ya barabara lianze kupulizia dawa mpya. Alichuma ua dume la boga, akalimenya, akapaka unga wake wa njano ndani ya ua jike, kisha akalifunga mdomo kwa uzi. Ua jike hufunguka asubuhi moja tu.

Siku hiyo madume yalimwishia, jike moja likabaki. Akaenda hadi kaburini kwa mumewe, Dieudonne, ambako mche wa boga ulijiotea wenyewe, akachuma ua.

Boga lililotokana na ua hilo lilianza kukohoa wiki ya tatu. Kilikuwa kikohozi cha Dieudonne hasa: viwili vikavu, kimoja kirefu. Donatille akalifunika kitenge, maana asubuhi kulikuwa na baridi.

Kilichomshtua ni harufu. Alipoinama kulipangusa, boga lilinuka dawa ya tumbaku, ile ile ya mashati ya marehemu, aliyekuwa mpulizaji wa shamba lile. Mwaka mzima msimamizi wa shamba alimwambia Donatille kwamba mumewe alikuja kazini na TB yake kutoka nyumbani. Naye aliamini! Alichoma godoro, akawaomba radhi majirani waliokula nao. Akakaa chini kwenye udongo.

Akamwita Gratien, mdogo wa marehemu, ambaye Jumatatu angeanza kubeba bomba la kupulizia, lile lile la kaka yake.

Gratien alichuchumaa, akasikiliza.

"Ni kaka kabisa, shemeji."

"Na harufu?"

"Nimeisikia."

"Sasa Jumatatu unaenda wapi?"

Gratien alilipapasa boga mgongoni. "Wamesema nikichelewa wanachukua mwingine. Watoto watakula nini, shemeji?"

Jumatatu alipita na bomba mgongoni, bila barakoa, akasalimia vizuri tu. 

Kesho yake aliona jike jingine linakaribia kufunguka. Akalifunga uzi mapema, lisiguswe na dume lolote.

Likashika tunda hivyo hivyo. Kufikia Jumamosi lilikuwa kubwa kama ngumi, na lilikuwa linasafisha koo kwa sauti ya Gratien.

Donatille aliingia ndani kutafuta kitenge kingine.