Chupa ya Emőke

Emőke alishuka ngazi za handaki la mvinyo akiwa na mshumaa. Juu, katika nyumba waliyozaliwa pale kijijini Tolcsva, mama yao alikuwa katika saa zake za mwisho, na kaka yake Gellért alikuwa amemwambia jambo moja tu: "Kalete chupa yako. Ukichelewa, shauri yako."

Kila mtoto wa nyumba ile alikuwa na chupa yake, iliyowekwa mwaka aliozaliwa. Ndani mlikuwa na utomvu mtamu unaojidondokea wenyewe kutoka kwenye zabibu zilizosinyaa mzabibuni, bila kukamuliwa, na kijiko chake kimoja ndicho wanachomuagia mtu anayeondoka duniani. Kijiko cha chupa ya Gellért mama alikikataa asubuhi ile. Alibana midomo, akageukia ukutani. Je, cha Emőke angekipokea? Miaka na miaka hakulitaja jina lake, tangu binti huyo alipowauzia wageni kipande chake cha mizabibu ili afungue mgahawa Vienna. "Mtoto ninaye mmoja," mama aliwaambia majirani, na majirani wa Tolcsva hawajui kukaa na neno.

Kuvu nyeusi ilikuwa imetanda kutani na juu ya chupa zote, nzito kama manyoya ya paka. Chupa ya mwaka wake ilifunikwa tumboni tu. Shingo ilikuwa tupu, kioo kinang'aa. Aliyekulia handakini haelezwi maana ya jambo hilo: kuna mkono uliozoea kuishika. Hasira zikampanda, akapanda nazo ngazi.

"Umeanza kuninyemelea chupa yangu, kaka?" alimuuliza Gellért mlangoni pa chumba cha mgonjwa. "Hata hii hukutaka kuniachia?"

Gellért aliitazama ile shingo. "Nta ya kizibo imeguswa?"

Haikuguswa.

"Basi. Na magoti yangu haya, nishuke kule kukuibia wewe? Huyo ni mama. Kila siku yako ya kuzaliwa anashuka, anaipakata, halafu anairudisha. Mwaka huu nimembeba mgongoni, na magoti haya haya. Akaniambia nikikwambia atanilaani."

"Na umeniambia."

"Anilaani tu. Ingia."

Emőke aliona haya. Alivunja nta, akamimina. Utomvu ulishuka polepole hadi kijiko kikajaa. Akapiga magoti kando ya kitanda, chupa ameiegemeza kwenye godoro.

Mama alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulipapasa shuka, ukaigusa chupa, ukapanda juu na kuishika shingo pale pale palipokuwa patupu. Vidole vikaenea sawasawa.

"Mama, ni mimi."

Kinywa kilifunguka kabla kijiko hakijafika.