Karibu ya Mara ya Pili

Kila Jumatatu asubuhi sauti ya Kerttu Saarela ilitoka imekwaruza, kama mlango wa ghala uliokaa bila kufunguliwa. Hakuwa mgonjwa. Ni kwamba tangu Ijumaa saa tano kasoro robo alikuwa hajaongea na mtu. Hata mmoja. Dukani siku hizi unajipimia nyanya mwenyewe, unalipa kwenye mashine, na mashine haitaki mazungumzo.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, Mfini, mrefu, mwenye kutembea ameinamisha kichwa kidogo kama anayeogopa vizingiti. Kampuni yao inayouza mashine za kutengenezea karatasi ilimleta Saragosa, mji wa Hispania, halafu kabla kiti hakijamzoea ikafunga ofisi na kumwambia afanyie kazi nyumbani. Basi akawa anafanyia kazi jikoni, ghorofa ya nne, wenzake wakiwa majina tu kwenye kompyuta. Nje upepo wa kaskazini unapiga, madirisha yanalia, naye ndani anaandika barua za vipuri.

Na tusiwasingizie watu wa Saragosa, si wabaya. Ukiingia kwenye lifti wanakusalimu, ukitoka wanakuaga, na kila mmoja anakuambia "tutaonana baadaye" hata kama hamtaonana mpaka kiama. Tatizo ni kwamba Kerttu aliyaamini maneno hayo. Kwao mtu akikuambia baadaye, anamaanisha baadaye. Asipotaka kukuona, ananyamaza, na hakuna anayekasirika. Miezi ya kwanza yule mama wa watu alikuwa akisafisha nyumba jioni, akingoja hiyo baadaye. Alisafisha sana, maskini.

Mtu mmoja tu katika mji ule ndiye aliyemfaa, naye alikuwa Mzee Eladio, bawabu wa jengo. Kibanda chake cha vioo kilikuwa pale chini karibu na visanduku vya barua. Kila siku ya kazi, ikifika saa nne na nusu, anapunguza redio, anatandaza gazeti la jana juu ya meza, anatoa mkate, nyanya, soseji kavu na kisu chake cha kukunja. Anakula taratibu kama anayesali. Na yeyote anayepita, tarishi, fundi wa mabomba, mwenye mbwa, anamwambia, "Karibu!" Nao wanajibu, "Asante, starehe," na miguu haijasimama.

Siku ile ya kwanza, mwezi wa kumi, Kerttu alikuwa ameshuka kutazama barua. Barua zenyewe hakuna.

"Karibu, bibi," mzee akasema, ameinua kipande cha soseji kwenye ncha ya kisu.

Kerttu akaona haya. "Hapana, asante."

"Ah, karibu bwana! Kiti hicho hapo. Mkate wote huu mimi nitaupeleka wapi?"

Akakaa. Mzee akakata mkate katikati, akasugua nyanya, akamwaga mafuta ya zeituni, akamsukumia nusu yake. Akamuuliza jina. Alipoambiwa akajaribu mara tatu, ulimi ukagoma.

"Nilikuwa na shangazi anaitwa Gertrudis," akasema mwishoni. "Mkali huyo! Alimfukuza kasisi kwa ufagio. Nitakuita Gertrudis, kama hukasiriki."

Hakukasirika. Katika jengo zima yeye alikuwa "yule Mjerumani wa ghorofa ya nne", na Ujerumani yenyewe hajawahi kulala hata siku moja. Gertrudis ni jina la mtu, tena mtu mwenye ufagio.

Kuanzia hapo, kila siku saa nne na nusu, Kerttu chini. Robo saa, si zaidi. Mzee anamweleza habari za kijiji chake huko milimani Teruel, dada yake mjane, milozi inayochanua mapema ikaungua na baridi. Kerttu anamweleza theluji. Mzee hamwamini. "Mita mbili? Acha uongo, Gertrudis." Anacheka, anamkatia soseji nyingine. Wikendi mzee hayupo, na ndiyo maana Jumatatu sauti inakwaruza. Robo saa mara tano kwa wiki; hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake katika mji ule, mengine yote yalikuwa kungoja.

Sasa, mwishoni mwa mwezi wa tano, Kerttu akapanda lifti pamoja na Bi Visi wa ghorofa ya pili. Bi Visi ndiye mwenyekiti wa wakazi. Ana miaka sabini na minne, nywele zimepigwa dawa zikasimama, na neno likimfika kooni halirudi tumboni.

"Wewe ndiye Mjerumani."

"Mfini."

"Haya, huko huko. Mwanangu, nikuambie kitu, usinichukie. Ile karibu ya Eladio ni ya mdomoni. Mtu anakula, wewe unapita, anakwambia karibu, unamwambia starehe, unakwenda zako. Ndiyo adabu. Mimi ananikaribisha huu mwaka wa kumi na tisa, umewahi kuniona na makombo kifuani? Wewe, mwenzangu, umekaa kitini! Miezi saba unamlia mzee wa watu kifungua kinywa chake!"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa na ubaya. Angemcheka hata dada yake. Lifti ikafika pili, akatoka anajifuta machozi. "Tutaonana baadaye, mwanangu!"

Kerttu alipofika jikoni kwake alikuwa anawaka masikio. Miezi saba! Akakumbuka kila nusu ya mkate. Akakumbuka siku aliyomaliza jibini. Kumbe mzee alikuwa anakaribisha kama anavyomkaribisha mwenye mbwa, naye akajitia kiti kama mtoto asiyefunzwa, na mzee kwa upole wake akashindwa kumfukuza. Aibu ilimpanda mpaka akafunga pazia, ingawa hakuna aliyekuwa anamtazama.

Siku iliyofuata, saa nne na nusu, hakushuka. Wala iliyofuata. Akitaka kutoka anateremka mpaka maegesho ya magari chini ya ardhi na kutokea mlango wa nyuma, kama mwizi. Lakini dirisha la jiko lake lilitazama lile shimo la hewa la katikati ya jengo, na sauti zote hupanda humo. Saa nne na nusu alisikia redio ikipunguzwa. Alisikia "Karibu!" na "Starehe." Alisimama na kikombe chake cha kahawa akisikiliza, mpaka redio ipandishwe tena. Usiku hakulia, alilia saa hiyo.

Wiki tano zikapita hivyo. Akajifunza kuwa mtu anaweza kukaa siku kumi na moja bila kutamka neno. Siku ya kumi na mbili aliiambia lifti asante.

Alhamisi ya mwisho ya Juni mlango wake ukagongwa. Bi Visi, na kadi kubwa yenye maua.

"Weka saini hapa, mwanangu. Ni ya Eladio. Kesho anastaafu, saa nane basi lake la kijijini. Tumeshapiga kura, bawabu mwingine hatuchukui. Simu mpya ya mlangoni wameshaifunga, ina kamera. Ukitembelewa inalia, unabonyeza. Mambo ya kisasa." Akamtazama. "Mbona umekuwa hivyo? Umekonda!"

Kerttu akashika kalamu. Kabla hajaandika, neno lililokaa kooni wiki tano likatoka lenyewe. "Sikujua kama ni adabu tu. Siku ya kwanza nilimkatalia. Akarudia, nikadhani anataka kweli."

"Akarudia nini?"

"Karibu. Nilisema hapana. Akasema tena, akanionyesha kiti."

Bi Visi akaishusha kadi. "Mara mbili? Alikukaribisha mara mbili?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukusema, we mwanamke! Mara ya kwanza ni adabu, hiyo anapewa hata paka. Mara ya pili ni karibu yenyewe! Mtu harudii kama hana nia. Mimi hajanirudia hata siku moja, na miaka yote hiyo napita mlangoni kwake!" Akajipiga paji la uso. "Mungu wangu, mdomo huu. Na yeye ananiuliza kila siku, 'Yule bibi wa nne mzima? Nimemkosea nini?' Nikamwambia labda ana kazi nyingi."

Jioni ile Kerttu alioka mkate mweusi wa kwao. Chachu haikupata muda wa kutosha, ukatoka mfupi na mgumu. Akautazama, akataka kuutupa, akaufunga kwenye kitambaa.

Ijumaa, saa nne na nusu, akashuka kwa ngazi, lifti aliona inakwenda haraka mno. Kibanda kilikuwa wazi, kalenda imetolewa ukutani. Mzee Eladio alikuwa anakula, amevaa koti la safari, begi miguuni. Akainua macho.

"Habari za asubuhi, bibi."

Basi. Akarudisha macho kwenye gazeti. Mzee anayemkaribisha tarishi, anayemkaribisha fundi wa mabomba, leo hakusema karibu. Na Gertrudis amekuwa bibi. 

Akafungua kitambaa juu ya kidirisha cha kibanda. "Karibu, Mzee Eladio."

"Asante," mzee akasema bila kuinua kichwa. "Starehe."

Lile ndilo jibu. Sahihi kabisa, la adabu kabisa, analopewa kila mtu. Tarishi akaingia, akatia barua, akatoka. Kerttu bado amesimama.

"Karibu bwana," akasema tena, na sauti ikakwaruza kuliko Jumatatu zote. "Mkate wote huu mimi nitaupeleka wapi?"

 Mzee akaondoa gazeti jingine lililokuwa kwenye kile kiti cha pili, akalikunja mara nne, akakifungua upya kile kisu chake cha kukunja. Akaushika mkate, akaugonga mezani. Ukalia ko, ko.

"Huu mkate au tofali?"

"Mkate."

"Kwenu mnaula kwa nyundo?" Lakini alikuwa anaukata, ameubana kifuani, uso mwekundu kwa juhudi. Akamsukumia nusu. "Nilidhani ni ile soseji imekudhuru. Nikabadilisha bucha. Nikaona bado huji, nikabadilisha na nyanya. Wiki tano nakula nyanya za bei ya dhahabu, Gertrudis, kwa ajili yako, na wewe unapita chini na magari."

"Bi Visi aliniambia karibu yako ni ya mdomoni."

"Visi!" Akatafuna, akatafuna, akameza kwa shida. "Visi aambiwe mara ya pili na nani, na mdomo ule?"

Wakacheka wote wawili, kisha Kerttu akaacha kucheka. Siku ishirini na tano zilikuwa zimepotea, na iliyobaki ni hii. Alitaka kumwambia hivyo, Kihispania chake hakikutosha. Akasema tu, "Nilikukosa." Mzee akaitikia kwa kichwa, akamkatia soseji.

Robo saa ile iliisha kabla haijaanza. Mara wakazi wakaingia, Bi Visi mbele na keki, kadi, maua, kila mtu anambusu mzee mashavu mawili na kumwambia tutaonana baadaye. Kerttu akasukumwa mpaka kwenye visanduku vya barua. Juu ya vichwa vya watu mzee akamtafuta kwa macho, akasema, "Kule kijijini una nyumba yako, Gertrudis."

"Asante," akajibu. Hata hilo alilijua sasa. Watu wa mji ule husema hivyo kwa kila mtu, nyumba yangu ni nyumba yako, na anayeambiwa hashiki njia akaenda. Mtu anangoja mara ya pili. Akangoja. Lakini Bi Visi alikuwa ameanza hotuba, mwenye mbwa anapiga picha, na mzee akamezwa na watu.

Akapanda juu. Akafungua kompyuta. Saa saba na robo shimo la hewa likawa kimya. Redio ilikuwa imezimwa, wala haikuwashwa tena. Alikaa pale mezani kwake na makombo meusi kwenye mikono ya sweta, akifikiri Jumatatu itakuwaje. Hakuona kitu. Aliona Jumatatu tu.

Mara kitu kikalia ukutani. Kerttu akaruka. Tangu ahamie nyumba ile hakuna aliyewahi kumpigia kutoka mlangoni. Akakimbilia ile simu mpya, kwenye kioo chake kidogo akaona pua kubwa imesogezwa karibu mno, na kofia.

"Gertrudis? Hiki kidude kinasikia kweli? Nilisema kule kijijini una nyumba yako." Mzee akahema. "Basi nasema tena. Kule kijijini una nyumba yako. Ya tatu sisemi, basi litaniacha."

"Nitakuja!" Kerttu akasema. Mzee bado anatazama kamera, anangoja. "Nitakuja!" Kumbe lazima kubonyeza ndipo usikike. Akabonyeza kitufe cha kwanza, mlango wa chini ukafunguka kwa mngurumo. Akabonyeza cha pili, kioo kikazima.

Akakimbilia dirisha la barabarani, akalisukuma, upepo ukaingia na kumwaga karatasi zote za vipuri sakafuni. Chini, koti na begi vilikuwa vimeshavuka taa za barabarani.

"Mzee Eladio! Nitakuja! Nakuja Jumapili!"

Watu wakainua vichwa. Mwenye mbwa akasimama, na mbwa wake. Ghorofa ya pili dirisha likafunguka na zile nywele zikatokeza. "Mwanangu, kuna moto?"

Kerttu hakumjibu. Aliita mara ya pili, kwa nguvu kuliko ya kwanza, mpaka kule kwenye kona mzee akasimama, akaweka begi chini, na kuinua kofia.