Pacha Wake Alivyojulikana Msituni

Siku pacha wake alipofariki, mwanamke mmoja aliona ujumbe ukiingia kwenye simu ya marehemu: chumba chako msituni kiko tayari, karibu tena. Nyumbani hakuna aliyejua habari za chumba. Mwezi uliofuata alifunga safari peke yake, akajionee dada yake alikuwa akifuata nini huko.

Mpishi wa nyumba ya wageni alimpokea kwenye baraza la mbao, mvua ikipiga majani pande zote.

"Dada, mwaka huu umechelewa. Nikadhani umetususa." Akammiminia chai. "Mto umejaa, lakini pale unapoogelea hapana neno."

Mgeni akaweka kikombe chini. Pacha wake aliogopa maji tangu utotoni.

"Mimi naogelea?"

"Haya, umeanza utani wako. Nani hunikausha koo kumwita atoke majini, chakula kinapoa?"

Angeweza kunyamaza, awe dada yake kwa siku nne, na hapa angalau dada angeendelea kuwa hai. Wazo hilo lilimvutia, kisha likamtisha.

"Si mimi," alisema. "Huyo ni pacha wangu. Tumemzika mwezi uliopita."

Mpishi akaketi, birika bado mkononi.

"Pole, mwenzangu," alisema mwishowe. "Mbona alituambia kwao kazaliwa peke yake?"

Pacha aliyebaki atakaa huko mpaka Jumamosi. Kila asubuhi mpishi humsimulia habari za dada yake, naye husikiliza kama anayesimuliwa kuhusu mtu asiyemjua.