Papa Aliyemuuma Kocha Marvin

Kocha Marvin alikuwa na kovu kwenye mguu wa kulia, upande wa ndani, chini ya goti. Lilikuwa la mviringo, laini, likimetameta kidogo jua likilipiga. Akisimama kando ya bwawa la kuogelea hapa Ruiru, aliugeuza huo mguu ili wanafunzi walione, na wakiuliza, alisema ni papa wa Mombasa.

Mimi ndiye huosha hilo bwawa. Mtu wa kuosha mahali huona mengi, lakini kwa miaka miwili sikusema kitu, maana Marvin ndiye aliyeniandika kazi.

Halafu wakaja akina mama wa kikundi cha kanisa kutoka Witeithie, kila Jumamosi, kujifunza kuogelea. Walikuwa wanajitayarisha kwenda baharini Diani mwezi wa nane. Mwenyekiti wao, Mama Njambi, akaniambia, "Kui, wewe tutaenda na wewe. Umetushika mkono tangu tukiogopa hata maji ya karai." Mimi nimezaliwa Gatuanyaga, mahali mvua ikinyesha watu hutoka mlangoni kuiangalia. Bahari sijawahi kuiona. Tangu siku hiyo nilikuwa naosha vigae nikihesabu wiki zilizobaki.

Jumamosi moja Mama Njambi akafika na uso wa matanga.

"Safari imekufa," akasema. "Nimesikia kwa redio. Papa wanarudi baharini. Walikuwa wamevuliwa wakabaki wachache, sasa huko ng'ambo wameachiliwa wakazaana."

Wamama kumi na mmoja wakatoka majini kwa pamoja, na maji ya bwawa yakashuka.

"Kocha, wewe si unawajua?" mmoja akauliza. "Ni ukweli?"

Marvin akageuza mguu. "Mimi nilipona kwa sababu najua kupigana. Nyinyi na hayo madera, sijui."

"Basi twende ziwani Naivasha," Mama Njambi akasema.

"Naivasha kuna viboko," akasema Benta, yule huuza samaki pale Witeithie.

"Viboko tumewazoea."

"Na wao wamekuzoea?" Benta akajikausha masikio. "Mama Njambi, hiyo redio uliizima katikati. Mimi nilikuwa napara samaki, mikono imejaa magamba, nikashindwa kuizima, nikasikia yote. Walisema papa kurudi ni habari njema. Wewe ukifukuza paka wote kwa stoo, mahindi yako yatabaki?"

"Panya watamaliza."

"Sasa papa ndio paka wa huko. Wakikosekana, kuna samaki wengine wanazidi, wanamaliza wale wadogo, mpaka mvuvi anarudi mikono mitupu. Na wakasema watu wanaouawa na papa kwa mwaka, dunia nzima, hawajazi matatu moja."

"Na nikiwa ndani ya hiyo matatu?" Mama Njambi akauliza. "Benta, redio hatuioni. Mguu wa Kocha tunauona. Wanaotaka Naivasha wainue mkono."

Mikono ikaanza kupanda. Watatu, watano. Nikaona Diani yangu inaenda hivyo. Mimi si wa kikundi, kura sina. Nikaweka brashi chini, nikakunja suruali mpaka gotini, nikasimamisha mguu wangu wa kulia kando ya ule wa Marvin.

"Kocha," nikamuuliza kwa heshima, "huyu wangu alikuwa papa wa aina gani? Maana aliniuma Gatuanyaga, nikishuka nduthi ya bodaboda upande wa egzosi ya moto."

Mama Njambi akatazama mguu wangu, akatazama wa Marvin, kisha polepole akapandisha dera lake. Benta naye akapandisha. Mwishowe kulikuwa na miguu tisa ya kulia imepangwa kando ya bwawa, na papa wote walikuwa wameuma mahali pamoja.

"Wangu aliniuma nikiwa na mimba ya Njambi," akasema Mama Njambi.

"Wangu nikipeleka omena Juja," akasema Benta.

Marvin aliangalia juu kama mtu anayengoja mvua. "Lakini yangu ilikuwa ya Mombasa," akasema.

"Nduthi ya Mombasa?"

Akafikiria. "Ya hapa Githurai 45."

Mama Njambi alicheka mpaka akashikilia ngazi ya bwawa. Kura ikapigwa upya, Diani ikapita. Yeye akasema ataingia mpaka magotini, na papa akitaka zaidi ya hapo aje wazungumze. Jina langu liliandikwa kwa orodha, na chini yangu la Marvin, kwa sababu mwalimu hawezi kuacha darasa lake njiani.

Walipoenda nikajua sasa nafutwa kazi. Marvin akanikuta nikikunja mpira wa maji.

"Kui," akasema, "umewahi kuogelea mahali hakuna ukuta wa kushika?"

"Sijawahi, Kocha."

"Hata mimi," akasema, akashika ule upande mwingine wa mpira, tukaukunja pamoja.