Dakika Tano za Gatini

Mkurugenzi aliniita akaniagiza niandike historia ya Shirika. Mabasi na vivuko vya serikali vilikuwa vinatimiza miaka hamsini, na mimi, karani wa masjala, ndiye niliyeonekana sina kazi. Nilinung'unika weee, kisha nikachukua funguo.

Chumba cha mafaili kiko juu ya karakana. Injini zikipashwa moto huko chini, sakafu inatetemeka kidogo kidogo, na vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha bila haraka ya kutua. Ukikaa humo saa mbili tatu unasahau ni mwaka gani. Nilisoma habari za mabasi matatu ya kwanza, yaliyokuja bila viti. Nikasoma habari za kivuko kilichopakwa rangi ya mabasi kwa sababu ilibaki, hata ukikiona kwa mbali ungedhani basi limeingia majini na halitaki kutoka.

Nahodha wa kivuko hicho alikuwa babu yangu. Sikufichi, niliingia mle kwa nia moja tu: kumsafisha.

Miaka thelathini na kitu iliyopita, asubuhi ya ukungu, babu aling'oa nanga kabla basi halijafika. Ndani ya basi hilo alikuwemo mkewe, bibi yangu, kondakta aliyeomba ruhusa ya siku moja akamwone mama yake mgonjwa ng'ambo. Alisimama gatini ameinua mkono huku kivuko kikizama kwenye weupe. Alivuka saa moja baadaye, akakuta mama yake amekwisha kata roho. Babu aliandikiwa onyo: nahodha aliondoka kabla ya wakati. Bibi hakugomba. Ila hakupanda kivuko chake tena; akitaka kwenda ng'ambo alizunguka kwa basi hadi darajani, mwendo wa nusu siku. Mpaka leo siku hiyo haitajwi kwetu.

Siku ya nne nikalipata faili la saa ya gatini. Saa hiyo ilikuwa nyuma dakika tano, na kila mtu alijua. Vivuko viliifuata, kwa hiyo madereva nao walizoea kuchelewa dakika tano na kukikuta kivuko kinawasubiri. Ndipo kondakta mmoja akaandika barua kulalamika kwamba abiria wanachelewa kazini, saa irekebishwe. Chini yake fundi aliandika kwamba ameirekebisha, jioni ya kuamkia siku ile ya ukungu. Madereva hawakuambiwa, wala nahodha.

Kwa hiyo babu hakuondoka mapema hata kidogo. Niliruka kwa furaha, peke yangu, mtu mzima mimi. Kisha nikatazama sahihi ya kondakta. Ilikuwa ya bibi.

Nilimkuta babu barazani anafungua redio iliyokuwa nzima. Nikamwonyesha barua. Hakushtuka.

"Punguza sauti," alisema. "Hiyo niliiona juma lile lile."

"Sasa kwa nini ulikubali onyo?"

"Bibi yako alikuwa ametoka kumzika mama yake. Angejua ni barua yake iliyomchelewesha, angeishi vipi? Heri anikasirikie mimi. Mimi nimezoea."

Akanieleza kwamba kabla bibi hajarudi kazini, yeye mwenyewe alipanda ngazi pale gatini akairudisha saa nyuma dakika tano, bibi asijue kwamba iliwahi kurekebishwa. Imebaki hivyo hadi leo. Nikawafikiria watu wa mji mzima, miaka yote hiyo, wakishuka kivukoni na kukimbilia kazini bila kujua wanachelewa kwa ajili ya nani. Nilihisi kama mimi mwenyewe naelea.

Niliingia jikoni. Bibi alikuwa anamenya viazi, akaniuliza kitabu kimefika wapi. Nikasema kinakwenda. Akaweka kisu chini.

"Mjukuu wangu, siku ile ya kivuko usiiandike."

"Kwa nini, bibi?"

"Babu yako amezeeka. Nilishamsamehe zamani, sema sijawahi kumwambia. Kila nikitaka kuanza, maneno yananikwama."

Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Sijawahi kuona karatasi nzito vile. Nilimwambia tu, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, kwamba babu yuko pale nje, akamwambie.

Alifuta mikono, akatoka. Nilisikia kiti kikivutwa karibu na cha babu.

"Mzee, lile jambo la kivuko," bibi alisema. "Mimi nimekusamehe. Yaishe."

Nilishika ukingo wa meza nikingoja babu aseme kweli, na sijui kama nilitaka aiseme au aimeze.

"Ahsante, mke wangu," alisema. "Nilikukosea sana."