Mganga Aliyekataa Kuchoma

Kidonda kilipokataa kupona kwenye mdomo wa chini wa Tobias Barasa, wafanyakazi wa shamba la kahawa pale Ruiru hawakumlilia. Tobias alikuwa nyapara, na kwa miaka mingi mdomo huo ndio uliowaamsha, ukawatukana na kuwafukuza. Mwaka huo wa 1956 ulikuwa wa amani kubwa shambani mwao. Nyapara alielekeza kwa kidole tu.

Daktari wa Nairobi alikikata kipande, akakipima, akasema ni kansa.

"Zamani watu walikichoma kwa chuma cha moto," alimwambia. "Baadaye wakawa wanaukata mdomo. Siku hizi tuna mashine ya mionzi."

Tobias alilazwa, uso ukafunikwa kwa bamba zito la madini ya risasi lenye tundu penye kidonda. Watu wote wakatoka chumbani mbio kama waliosikia nyuki. Mashine ikanguruma kidogo, basi. Hakuna sindano, hakuna damu. Akaambiwa arudi tena, na tena, kwa wiki kadhaa.

Safari za treni zilimchosha. "Wananipiga picha tu," alimwambia mkewe, Nafuna. "Dawa wataleta lini?"

"Baba Boaz, maliza kwanza."

"Nimalize nini na hawajaanza?"

Kule kwenye kahawa, mchumaji mmoja, Ephantus, akamuuliza, "Nyapara, picha zikitoka utatupa moja tutishie ndege?"

Hilo lilimuuma kuliko kidonda. Akakumbuka kile chuma cha moto. Hiyo ndiyo dawa ya mwanamume. Siku ya mashine ilipofika, akapanda treni ya Thika badala ya ile ya Nairobi, kisha akakanyaga vumbi hadi Gatuanyaga, kwa Mbaluka, mganga wa Kikamba aliyesifika kwa kuchoma vidonda sugu.

Chuma kilikuwa tayari kimeiva. Mbaluka alimwinua kidevu, akatazama ngozi iliyoanza kubambuka kukizunguka kidonda.

"Nani amekuchoma?"

"Hakuna. Nimepigwa picha."

"Usinidanganye, mtu mzima wewe. Huu ni moto, tena umeingia ndani kuliko wangu. Mimi sigusi mgonjwa wa mwenzangu. Ukifa, watasema ni mkono wa nani? Nenda akuachilie kwa mdomo wake, ndipo uje."

Tobias alirudi Nairobi akifoka. "Niachilie. Mganga wangu ananingoja."

Daktari alihesabu siku zilizobaki kwenye kadi. "Nitakuachilia siku ya mwisho ya mashine. Si kabla."

Tobias akaona hiyo ni haki. Hata kwao hakuna mganga anayeachilia mgonjwa katikati ya dawa. Basi hakukosa treni tena, ili aachiliwe upesi akachomwe.

Siku hiyo ilipofika, kidonda kilikuwa kimekauka. Kilichobaki ni kovu lililouvuta mdomo upande. Akarudi nyumbani, akamfungua beberu zizini.

"Wa nani huyo?" Nafuna akauliza.

"Wa Mbaluka."

"Mbaluka hata hakukugusa!"

"Ndiyo ujue nguvu zake. Alikitazama tu, kikaogopa."

"Na daktari?"

"Daktari nilimpa uso wangu auchezee wiki zote zile. Anataka nini tena?"

Mbaluka alimpokea beberu bila swali. Tangu hapo, kila aliyemjia na uvimbe mbaya alimtazama, akazima moto, akamwambia, "Nenda Nairobi kwanza wakuchome." Waliopona walimletea mbuzi. Wasiopona, watu walisema daktari aliwaharibu.